Plastiki kwanza, kalibu baadaye: namna ya kupanga kipande chako cha plastiki ukiwa Tanga

Kijana anaingia karakana na kipande kilichovunjika mkononi.

"Shikamoo mzee. Nataka vya namna hii, vya plastiki ngumu."

"Marahaba mwanangu. Ngumu ipi? Ya beseni, ya kofia ya bodaboda, au ya gia?"

Mara nyingi mazungumzo hukwama hapo, kwa kuwa mteja hakujua kuna zaidi ya moja. Beseni kwa kawaida ni PP (polipropilini), kofia nyingi ni ABS, plastiki ngumu ya aina nyingine, na gia za plastiki huwa nailoni au asetali. Kila moja husinyaa kwa kiwango chake ikipoa, na kiwango hicho ndicho kinachoamua ukubwa wa tundu linalochongwa ndani ya chuma. Wengi huanza kwa kumtafuta wa kuwachongea kalibu, yaani chuma chenye tundu la umbo la kipande, kwa bei nafuu, kisha chuma kikishafika ndipo wanaulizia ni plastiki gani ipo sokoni. Hiyo ni kuvaa viatu kabla ya soksi, na kuvivua ni gharama.

Nitashika mfano mmoja mpaka mwisho: kibanio kidogo cha kushikia mwani kwenye kamba, kifanye kazi ambayo sasa inafanywa na vikamba vya tai-tai katika mashamba ya pwani ya Mkinga. Urefu sentimita 6, upana sentimita 2. Ni mfano wa kupangia hesabu tu. Ukiwa unataka mfuniko wa ndoo ya maziwa au kitasa cha dirisha, maswali ni yale yale.

Hatua ya 1: Hakikisha kweli ni kazi ya injeksheni

Mashine ya injeksheni inafanya kazi namna hii. Punje za plastiki zinamwagwa kwenye hopa, zinashuka ndani ya silinda yenye moto, na skrubu kubwa inazizungusha na kuziyeyusha. Uji ukiwa tayari, skrubu ileile inasukumwa mbele kwa nguvu na kuujaza kwenye kalibu iliyofungwa kwa nguvu ya tani nyingi. Maji yanayopita ndani ya chuma yanaupoza, kalibu inafunguka, na pini zinakisukuma kipande nje. Sekunde chache baadaye inaanza tena.

Geuza beseni lolote la nyumbani uangalie katikati ya tako lake. Utaona kinundu kidogo: hapo ndipo plastiki ilipoingilia. Sasa chukua dumu la mafuta ya kula. Mara nyingi halina kinundu cha namna hiyo, ila lina mstari unaolizunguka ubavuni na kukatiza chini, kwa kuwa limepulizwa kwa hewa kati ya nusu mbili za kalibu. Tangi la maji la juu ya paa nalo lina njia yake nyingine: unga wa plastiki unazungushwa ndani ya kalibu inayopashwa moto. Chupa ya maji ya kunywa imepita kote kuwili, ilianza kama kibomba kifupi na kinene cha injeksheni kisha ikapulizwa, ndiyo maana ina kinundu chini ingawa ina tumbo tupu. Kitu chako kikiwa na tumbo pana na shingo nyembamba, acha kusoma hapa ukatafute wapuliziaji.

Halafu hesabu idadi. Tuseme kalibu ya kibanio imegharimu shilingi milioni 12. Ukitengeneza vibanio 500, kila kimoja kinabeba shilingi 24,000 za kalibu kabla hujalipia hata punje moja. Ukitengeneza 10,000, mzigo unashuka hadi 1,200. Kwa 100,000 ni shilingi 120. Mahitaji yako yakiwa mia chache tu, chonga kwa mashine kutoka kwenye ubao wa HDPE (polithilini ngumu) au chapisha kwa printa ya 3D. Hakuna haya yoyote katika hilo.

Hatua ya 2: Andika maisha ya kipande kabla ya sura yake

Chukua karatasi moja. Usichore. Andika kipande kitaishi wapi, kitaguswa na nini, kitabeba uzito gani na kwa muda gani.

Kibanio chetu: kinakaa kwenye maji ya chumvi miezi kadhaa. Wakati wa bamvua maji yanapokupwa sana, kinabaki wazi juani. Kinafunguliwa na kufungwa kwa vidole vilivyolowa, mara nyingi vya kina mama wanaofanya kazi wakiwa wameinama. Mawimbi yanakivuta bila kupumzika. Kikikatika kinachukuliwa na maji. Sentensi hizi chache zimeshaondoa nusu ya plastiki zote mezani, na zimeleta swali ambalo wengi hawaliulizi: kikipotea, kielee au kizame?

Hatua ya 3: Chagua plastiki

Hapa usiwe na haraka.

PP ni nyepesi, uzito wake ni kama gramu 0.9 kwa sentimita moja ya ujazo, na maji ya bahari ni takriban 1.025. Kwa hiyo inaelea. Kibanio cha PP kilichokatika kitasukumwa ufukweni, kinaweza kuokotwa. Cha nailoni, chenye gramu 1.14, kitazama na kubaki chini. PP ina sifa nyingine tamu: ukiifinyanga nyembamba mahali pamoja inakuwa bawaba, unaikunja maelfu ya mara bila kukatika. Mfuniko wa chupa ya shampuu unaofunguka kwa kidole gumba unategemea hilo. Kibanio kinachofunga na kufungua kinaweza kuwa kipande kimoja bila pini wala springi.

Kasoro yake ni jua. PP tupu isiyo na kinga ya mionzi inachakaa upesi, inageuka nyeupe kwa juu, inapasuka na kumeguka kama chaki. Kasoro ya pili ni baridi: PP ya kawaida inakuwa dhaifu ikikaribia nyuzi 0, hivyo wanaotaka makontena ya kugandishia samaki waombe PP aina ya kopolima au wahamie HDPE.

HDPE nayo inaelea, ni laini zaidi, inavumilia baridi na kugongwagongwa. Ukiichanganya na kaboni nyeusi kiasi cha asilimia 2 hivi, inastahimili jua kwa miaka, ndiyo sababu mabomba meusi ya maji hulazwa juani bila wasiwasi. Ubaya wake inasinyaa sana na kujikunja ikipoa, na haishiki bawaba vizuri kama PP.

Nailoni ina nguvu na inavumilia kusuguana. Lakini inakunywa maji. Nailoni 6 ikizamishwa muda mrefu huweza kubeba maji hadi takriban asilimia 9 ya uzito wake, inavimba na kulainika. Kwa gia iliyo ndani ya mashine kavu, sawa. Kwa kibanio cha baharini ambacho lazima mdomo wake ushike barabara, mimi singeichagua.

ABS inatoka na sura nzuri na vipimo vyake vinatulia, ila jua linaiharibu. Polikaboneti ina nguvu ya ajabu na inapitisha mwanga, lakini mafuta na baadhi ya sabuni kali huweza kuipasua ikiwa imebanwa. Asetali inateleza vizuri, inafaa roda na gia. PVC ya injeksheni waachie wenye kalibu za chuma cha pua, kwa sababu ikiungua inatoa tindikali inayokula chuma.

Polistirini naitaja kwa sababu ya ndugu zetu wa Muheza. Ganda la chungwa lina mafuta yenye limonini, na limonini inayeyusha polistirini. Chombo cha bei rahisi kinachong'aa kama kioo, ukikigusisha na mafuta ya ganda, kinafifia na kuota nyufa. Anayepanga vifungashio vya machungwa au ndimu asidanganywe na ule mng'aro. Kreti za machungwa ni kazi ya HDPE au PP kopolima.

Kwa kibanio chetu basi: PP kopolima, yenye kinga ya mionzi, rangi nyeusi. Ukitaka rangi inayoonekana majini, chungwa kwa mfano, inawezekana, lakini sisitiza dawa ya kinga ya jua iingie pamoja na punje za rangi. Rangi peke yake si kinga.

Kutaja "PP" dukani hakutoshi. Omba gredi, yaani aina mahususi ya punje, na karatasi ya sifa zake, na kwenye karatasi hiyo tafuta namba ya MFI. Inaonyesha gramu ngapi za uji zinapita kwenye tundu maalumu kwa dakika 10. Namba kubwa, uji mwepesi. Gredi za injeksheni huwa kwa kawaida 10 hadi 30 hivi. Gredi ya nyuzi za viroba iko karibu na 3, na ya kupulizia madumu iko chini zaidi, mara nyingi chini ya 1.

Namba hiyo inaeleza pia kwa nini plastiki ya kuokota inawasumbua watu. Madumu yaliyosagwa ni HDPE kweli, lakini uji wake ni mzito. Ukiulazimisha kwenye kalibu yenye kuta za milimita 1, hautafika mwisho. Madumu yafae vitu vinene na vya umbo rahisi. Ukitumia chakavu, chambua kwa alama ya pembetatu chini ya chombo: 2 ni HDPE, 5 ni PP, 3 ni PVC. Vipande vidogo visivyo na alama vitie majini: PP na HDPE zitaelea, PVC na PET (plastiki ya chupa za maji) zitazama. Kipande kimoja cha PVC kikipita kinachafua mzigo mzima. Kwa chochote kitakachogusa chakula tumia punje mpya zenye cheti cha chakula, na uanze kuzungumza na TBS, shirika la viwango, mapema. Tangu 2019 usalama wa chakula nao uko mikononi mwao.

Hatua ya 4: Chora kwa kufuata plastiki uliyochagua

Kanuni kubwa ni unene ulio sawa kila mahali. Kwa PP, milimita 1.5 hadi 2.5 inatosha vitu vingi vidogo. Watu hudhani ukuta mnene ndio imara. Muda wa kupoa unakua kwa mraba wa unene: ukizidisha unene mara mbili, unapoa kwa muda wa mara nne. Mashine unayoilipia kwa saa imekaa inasubiri. Tena sehemu nene inasinyaa kwa ndani na kuacha kibonyeo juu.

Ukitaka uimara weka mbavu, unene wake usizidi asilimia 60 ya ukuta zinaposimama. Kona za ndani zizungushwe, mzingo wake angalau nusu ya unene wa ukuta, maana kona kali ndipo ufa unapoanzia. Kuta zote zinazosimama ziwe na mwinamo wa nyuzi 1 hadi 2 ili kipande kichomoke bila kukwaruzwa. Ukitaka juu pawe na mikwaruzo ya urembo, ongeza mpaka 3 au zaidi.

Epuka tundu la ubavuni na ndoana inayozuia kipande kutoka moja kwa moja. Zinawezekana, ila kalibu itahitaji vipande vinavyoteleza pembeni, na bei inapanda hapo hapo. Mara nyingi ukihamisha mstari ambapo nusu mbili za kalibu zinakutana, tatizo linakwisha bila senti.

Sasa kusinyaa. PP husinyaa kati ya asilimia 1 na 2.5, HDPE 1.5 hadi 4, ABS karibu 0.4 hadi 0.7. Unataka mfuniko wa milimita 100 kwa PP inayosinyaa asilimia 1.5? Tundu litachongwa karibu milimita 101.5. Siku PP imeadimika ukaweka ABS kwenye kalibu hiyo hiyo, mfuniko utatoka na milimita 101 na hautaingia kwenye ndoo. Mchonga kalibu anahitaji namba ya gredi yako, na asiyeiuliza mtilie shaka.

Hatua ya 5: Jaribu umbo kabla ya chuma

Printa ya 3D inakupa umbo mkononi kwa gharama ndogo. Jaribu mkao wa vidole, kamba inavyoingia, shina la mwani lisivyokatwa. Usijaribu nguvu. Vipande vya printa vinaachana kwenye matabaka yake, na plastiki yake ya kawaida, PLA, inalainika kwenye nyuzi 60 hivi, joto ambalo gari lililofungwa vioo juani linaweza kulikaribia. Kwa nguvu, chonga vichache kutoka ubao wa PP, uvipeleke shambani, vikae bamvua hadi bamvua. Mpe anayevuna avitumie huku umenyamaza. Akigeuza kibanio mara mbili kabla ya kukifunga, mchoro una kasoro hata kama yeye hakulalamika.

Hatua ya 6: Tafuta mashine, kisha agiza kalibu

Viwanda vingi vya plastiki viko Dar es Salaam, kama kilomita 350 kutoka hapa. Ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, ni mahali pazuri pa kuanzia kuulizia nani ana mashine gani na nani anachonga kalibu. Ukimpata mwenye mashine, chukua kwake nguvu ya kufungia kwa tani, nafasi kati ya nguzo za mashine, unene wa kalibu unaokubalika, na uzito wa juu wa plastiki kwa mpigo. Kalibu isiyoingia kati ya nguzo ni chuma cha kuuza kwa kilo.

Nguvu ya kufungia unaikisia mwenyewe. Kibanio kimoja, 6 mara 2, ni sentimita 12 za mraba. Ukiweka vyumba vinne, yaani matundu manne ya vibanio kwenye kalibu moja, ni 48, na mifereji ya kupitishia uji tuseme 12, jumla 60. Kwa PP chukua tani 0.4 kwa kila sentimita ya mraba: tani 24. Ongeza akiba, mashine ya tani 40 inakutosha. Uzito nao: kibanio gramu 2.7, vinne 10.8, na mifereji, karibu gramu 15. Mpigo mzuri ni kati ya asilimia 20 na 80 ya uwezo wa mashine. Ukipewa mashine kubwa mno, plastiki inakaa kwenye moto muda mrefu na kuungua.

Chuma: alumini kwa maelfu machache hadi makumi ya maelfu ya vipande, chuma cha kalibu aina ya P20 kwa laki kadhaa, chuma kilichogumishwa aina ya H13 kwa milioni na kuendelea. Kwa kibanio, P20. Kuhusu vyumba, wengi wanataka nane au kumi na sita mara moja. Anza na vinne, au hata viwili, mpaka soko likuthibitishie.

Ukiagiza kutoka China, bei ya kiwandani si bei ya mwisho. Kuna usafiri, gharama za bandari, na kodi, VAT yetu ikiwa asilimia 18. Kalibu za injeksheni za plastiki ziko kwenye namba ya forodha 8480.71; mpe wakala namba hiyo akupigie hesabu kabla hujalipa. Mkataba useme wazi: kalibu ni mali yako, michoro yake ni yako, malipo ya mwisho yanafuata sampuli zilizokubaliwa, na sampuli zipigwe kwa gredi yako na si kwa chochote kilicho kwenye hopa yao siku hiyo.

Hatua ya 7: Pokea sampuli kwa jicho kali

Usipime siku ileile. PP inaendelea kusinyaa baada ya kutoka kwenye mashine. Iache saa 24 au zaidi kwanza. Kisha pima, bana, kunja, vunja kimoja makusudi.

Kipande kisichojaa kinaonyesha uji mzito, baridi au hewa isiyopata pa kutokea. Ngozi nyembamba pembeni inaonyesha nguvu ya kufungia haitoshi au nusu za kalibu hazikutani vyema. Alama nyeusi mwishoni mwa mkondo ni hewa iliyobanwa ikaungua. Mahali mikondo miwili inapokutana pana mshono, na mshono huo ndio udhaifu: ukiwa umeangukia kwenye bawaba, hamisha mdomo wa kuingizia. Kasoro ndogo za vipimo zinarekebishwa kwa kuondoa chuma kidogo. Kuongeza chuma ni kazi ya kuchomelea, kwa hiyo vipimo unavyovitilia shaka viache upande ambao chuma kitapunguzwa.

Michirizi ya rangi ya fedha ni unyevu, na pwani hii tunaujua. PP na HDPE kwa kawaida hazihitaji kukaushwa. Nailoni, ABS na polikaboneti zinahitaji: ABS saa 2 hadi 4 kwenye nyuzi 80, polikaboneti saa 3 hadi 4 kwenye nyuzi 120. Mfuko wa nailoni uliofunguliwa Ijumaa usitumike Jumatatu bila kukaushwa.

Hatua ya 8: Uzalishaji na utunzaji

Weka sampuli mbili ulizozikubali, zisaini, moja ibaki kwako na nyingine kwa mpigaji, yaani mwenye mashine. Kila ubishi unamalizwa na hizo. Mabaki ya mifereji yanaweza kusagwa na kurudishwa. Kubalianeni kikomo, asilimia 20 hivi, na yasizidi bila wewe kujua.

Uliza umeme ukikatika wanafanyaje. PP iliyobaki kwenye silinda haina hatari kubwa, itasafishwa. Asetali ikipikwa kupita kiasi inatoa gesi ya fomaldehidi, inayochoma macho na pua, na mwendeshaji asiyelijua hilo asipewe kazi ya asetali.

Mwisho wa kila oda, maji yote yatolewe kwenye njia za kupozea kwa hewa ya kompresa, nusu zote mbili zipuliziwe mafuta ya kuzuia kutu, kalibu ifungwe na ihifadhiwe juu ya ubao, si sakafuni. Hewa ya Tanga yenye chumvi inatia kutu P20 iliyoachwa wazi upesi sana, na kutu ya kwenye tundu inajichapa juu ya kila kipande. Ukiihamisha kalibu kwenda kwa mpigaji mwingine, nenda nayo na karatasi ya mipangilio ya mashine: joto la silinda, shinikizo, muda wa kupoza, na kipande cha mwisho kilichopigwa kikiwa kimefungwa kwa waya kwenye mpini wake.